Kiini cha Kiangazi

Wapo mtaani kwetu wanaosema shangazi yangu alikuwa akiwauzia watu uongo ndani ya ganda. Wamesema kwa kinyozi, wamesema dukani, na mmoja alithubutu kusema mbele yangu siku nimeshika ndoo ya maji machafu. Huyo mpaka leo akiniona anavuka barabara. Shangazi mwenyewe ananiita Kiberiti, na sibishi. Lakini mtu akitaka kuongea habari za yule mama, aongee zote, aanzie mwanzo, halafu amalizie na yeye mwenyewe alichofanya. Hapo ndipo wengi wanapokatisha.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu. Mfupi, mpana wa mabega, mwendo wake wa haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Kabla ya kuwa na kuku wake alifanya kazi miaka kumi na moja kwenye jumba la kuku wa vizimba, kule barabara ya lami inakoishia. Jumba refu, halina dirisha, taa zinawaka mchana kutwa. Vizimba vimepangwa ngazi nne, kuku watano kila kizimba, na kizimba chenyewe ukitandika gazeti moja lililofunguliwa kimejaa. Kazi yake ilikuwa kuokota mayai, kukwangua mavi na kuchanganya chakula. Alikuwa akirudi nyumbani anaoga mara mbili, na bado ile harufu ya jumba inabaki kwenye nywele.

Kuku wa pale wakichoka kutaga walikuwa wanapakiwa kwenye gari, wanakwenda kuchinjwa. Siku moja wakati wa kupakia, Shangazi akamwomba msimamizi ampe sita. Msimamizi akacheka mpaka akashika mlango. "Hawa? Hata supu hawatoi, mama." Akampa. Shangazi akaja nao kwenye boksi la sabuni, shingo tupu, vifua vitupu, ngozi nyekundu.

Mimi nilikuwepo siku hiyo. Ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi kutoka kwa mume, na begi moja na hasira za kutosha nyumba nzima. Shangazi akawatoa mmoja mmoja, akawaweka kwenye majani nyuma ya nyumba. Wakasimama. Basi! Wakasimama pale pale walipowekwa, wote sita, hakuna aliyeinua mguu. Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri bado wamesimama. Hawakujua kwamba kuna kwenda. Nikamwambia, "Shangazi, hawa vichwa vimeharibika." Siku ya tatu mmoja akamwona sisimizi, akageuza shingo, akainua mguu, akauweka mbele kwa woga, akamdonoa. Shangazi aliketi chini akalia kwa sauti, mwanamke ambaye hakutoa chozi hata siku tulipomzika mumewe. Jumatatu iliyofuata hakwenda kazini, na hakwenda tena.

Nje kidogo ya mtaa wetu kuna kiwanda cha matofali kilichofungwa zamani, na nyuma ya kiwanda kuna uwanja mkubwa wa nyasi. Mlinzi wa kiwanda alikuwa amechoka kuufyeka. Shangazi akamwambia, niachie mimi huu uwanja, nina wafyekaji wasiojua kuchoka. Wakapatana. Akatengeneza kibanda cha mbao na waya, akakifunga magurudumu ya vitanda vya hospitali aliyoyakuta kwenye vyuma chakavu. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, tulikuwa tunakisukuma mimi na yeye hatua nane mbele. Ukikosa siku mbili tatu, kuku wanakwangua pale pale mpaka udongo unabaki mtupu, na mavi yao yanaunguza mizizi. Ukisukuma kila siku wanapata majani mapya, na mahali pa jana panapumzika. Mchana kutwa wako nje, wanafukua wadudu, wanagombania panzi, wanaoga vumbi. Jioni wanarudi wenyewe. Tulianza na wale sita, ambao manyoya yaliwaota upya mpaka ungesema si wao. Tukanunua wengine kidogokidogo, na baada ya miaka mitatu tulikuwa na vibanda vinne na kuku mia moja na themanini, na mgongo wangu ni shahidi.

Na mayai yao, jamani! Ganda gumu, inabidi uligonge mara mbili ukingoni mwa bakuli. Ute mzito, umeshikana, haukimbilii pembeni. Kiini kimesimama juu ya ute, kimetuna, rangi yake ya chungwa lililoiva. Mwokaji wa pale kona, yule mwenye mikate na keki, alipoyapiga kwenye unga mara ya kwanza, keki ikatoka na rangi na ladha ambayo hajawahi kuipata, akamtuma mtu mbio kuuliza kama yapo mengine. Tangu hapo karibu mayai yote yalikuwa yake. Jumanne na Ijumaa tunajitwika trei kichwani, tunakwenda. Naomba hili lieleweke vizuri: kuku wale walikuwa wanaishi kwa oda ya mwokaji. Mtaa mzima usingeweza kumaliza mayai yale, yai mojamoja kwa jirani halilishi kuku mia moja na themanini. Mwokaji akisema basi, ni basi.

Pale dukani kwa mwokaji ndipo Shangazi alipoanza mchezo wake wa sahani. Wateja walikuwa wanauliza, haya mayai yana nini hasa? Shangazi anaomba sahani nyeupe, anapasua yai, anaisukuma mbele yao. "Tazameni kiini. Aliyefungiwa hatoi rangi hii. Rangi hii ni majani." Watu wanatoa macho. Mwalimu mstaafu, mzee mmoja anayekagua hata chenji kama anasahihisha mtihani, akawa anapasua mayai nyumbani kwake na kutangaza kwa majirani, "Naam, haya ni ya majani." Miaka sita tuliishi hivyo. Miaka sita Shangazi anawafundisha watu kutazama rangi, na watu wakafundishika kwelikweli.

Halafu mvua zikatukimbia. Zile fupi hazikuja, zile ndefu zikanyunyiza siku nne zikaaga. Nyasi zikawa njano, kisha kahawia, kisha ukikanyaga zinavunjika. Tuliendelea kusukuma vibanda hatua nane kila asubuhi, magurudumu yanalia kwenye udongo mkavu. Kuku walikuwa bado wanatembea, wanafukua mchwa, wanakula mbegu za nyasi, tunawaongezea pumba na mahindi ya kusaga. Wazima kabisa, manyoya yanang'aa. Lakini viini vikaanza kupauka. Kila mtu aliyefuga kuku anajua hilo! Rangi inatoka kwenye majani mabichi, majani yakikauka rangi inapungua. Ganda lilikuwa gumu vilevile, ute mzito vilevile, kiini kimesimama vilevile, ila njano hafifu. Ni kiini cha kiangazi, hakuna ugonjwa hapo, hakuna uongo.

Mwokaji hakutaka kuelewa. Ijumaa moja tulipofika, duka limejaa watu, akapasua yai mbele yao, akamtazama Shangazi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Mama, siku hizi kuku unawafungia?"

Mimi damu ilinichemka palepale. Huyu mama ambaye mikono yake imeota sugu kwa kusukuma vibanda, eti anafungia! Nikafungua mdomo, Shangazi akanikanyaga mguu. "Ni kiangazi, mwanangu," akamwambia mwokaji kwa upole. "Majani yamekauka."

"Mbona wenzako kiangazi hakiwapati?"

Akatoa boksi chini ya meza. Hapo ndipo tulipojua kwamba kuna mtu mwingine ameanza kumletea mayai. Boksi zuri, linang'aa, limechorwa kuku mnene amesimama kwenye nyasi za kijani kibichi, jua linachomoza nyuma yake, na nyumba ndogo yenye maua. Mwokaji akapasua yai moja la boksi. Lo! Kiini rangi ya karoti. Wateja wakasema "Aaa!" kwa pamoja. Shangazi akalishika lile boksi, akasoma anwani ubavuni, akaliweka chini polepole. Yalikuwa yanatoka kwenye lile jumba. Lile lile la vizimba, taa mchana, kuku watano kwenye gazeti moja.

"Haya ni ya vizimba," Shangazi akasema.

"Mama," yule Mwalimu mstaafu akadakia, "wewe mwenyewe ulitufundisha. Aliyefungiwa hatoi rangi hii. Sasa mfungiwa ni yupi?"

Niambieni, mtu anajibu nini hapo? Maneno yako mwenyewe unarushiwa usoni, na anayekurushia anatabasamu kwa kuwa amepata maksi zote. Wiki ile ile habari zikazagaa. Eti tuna banda la siri ndani ya kiwanda. Eti kuku wa uwanjani ni wa maonyesho tu. Dada wa duka la dawa, ambaye Shangazi alimpelekea mayai bure wiki nzima alipojifungua, akamwambia jirani yetu kwamba yeye alishashuku zamani. Hana haya! Uso mkavu!

Mwokaji akaja na wazo lake. Jumamosi ya wiki inayofuata, saa nne asubuhi, sisi tulete mayai yetu, mtu wa maboksi alete yake, yapasuliwe mezani mbele ya wateja. Atakayeshinda ndiye atakayepewa oda yote. Shangazi akakubali. Nilimuuliza njiani, "Unakubali nini, Shangazi? Unaviona viini vyetu?"

"Nitawaonyesha kitu kingine," akasema. "Nitawaonyesha ute. Nitawaonyesha yai linavyosimama. Nilipaswa nianzie hapo tangu zamani."

Ute! Watu wamekaa miaka sita wanatazama rangi, wewe utawaambia watazame ute? Sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Nilikuwa namwona ameinama kwenye uwanja ule mkavu, anakagua maji ya kuku, anawasemesha, na nilijua hana pengine pa kushika akinyang'anywa ile oda. Kwa hiyo Jumatatu nikaenda duka la dawa za mifugo. Sikuzunguka, nikamuuliza muuzaji, wale wa vizimba viini vyao wanavipata wapi? Akanipa mkebe mdogo wa unga mwekundu. "Kijiko kimoja kwa ndoo ya chakula," akasema, kama mtu anayeuza chumvi.

Nimesema niongee zote, basi na hili naongea. Kuwalisha kuku jioni ilikuwa zamu yangu. Nilichanganya ule unga Jumatatu, nikachanganya Jumanne, mpaka Ijumaa. Shangazi hakugundua, maana siku hizo alikuwa hataki kuona yai limepasuliwa nyumbani kwake. Alikula mkate mkavu na chai. Mimi nilipasua moja Alhamisi, nikajificha nyuma ya kibanda. Kiini kimewaka. Nikacheka peke yangu. Nikasema, mnataka rangi? Mtapata rangi mpaka mzisahau nyumba zenu.

Jumamosi duka la mwokaji lilijaa mpaka mlangoni. Kile chumba ni kidogo, tanuri ukutani linafukuta, meza ndefu ya bati katikati imefutwa unga. Mwokaji amevaa aproni safi kama anakwenda kupigwa picha. Mtu wa maboksi alikuja na shati lililopigwa pasi na marashi yaliyozidi harufu ya mkate. Akapasua yake matatu. Viini karoti tupu. Ute ulikimbia kama maji, ukafika ukingoni mwa sahani, na kiini kimoja kikapasuka chenyewe. Hakuna aliyeona. Wote wanasema, "Rangi, rangi hiyo."

Kisha Shangazi akapasua yetu. La kwanza, la pili, la tatu. Yakasimama juu kwenye sahani, ute umeshikana, na viini vinawaka. Jamani, duka lililipuka! Watu wakapiga makofi. Mwalimu mstaafu akasema, "Naam! Naam!" Mwokaji akafungua mikono, "Huyu ndiye mama tuliyemzoea!" Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Mtu wa maboksi akaanza kufunga maboksi yake. Tumeshinda, nikasema, tumewakomesha.

Shangazi hakucheka. Alikuwa ameinamia sahani. Akanigeukia, akanishika mkono mbele ya wote, akageuza kiganja changu, akanitazama chini ya kucha. Nilikuwa nimenawa kwa sabuni na majivu, lakini ile rangi ni king'ang'anizi. Akaniachia mkono. Akamwambia mwokaji, "Mwanangu, nichemshie yai langu moja. Na la huyu bwana moja."

Tulingoja maji yachemke, yai liive, lipoe. Watu wakidhani ni sehemu ya sherehe wanataniana, mmoja ananiuliza kama kuku wetu wanakunywa juisi ya machungwa. Shangazi akamenya yai letu, akalikata katikati kwa kisu cha keki, akaliweka juu ya meza.

Ndani, katikati kabisa ya kiini, njano hafifu ya kiangazi. Kuzunguka hiyo njano, pete nene ya rangi ya chungwa. Mpaka kati yao umekaa sawasawa, umepigwa kama kwa bikari.

"Kiini kinajengwa kwa tabaka, siku kwa siku," Shangazi akasema. Hakupaza sauti. "Hapa katikati kuku alikuwa anakula nyasi kavu, kama mlivyoambiwa. Hapa ndipo alipoanza kupewa unga wa rangi. Siku tano hivi. Aliyempa ni mtu wa nyumba yangu, kwa hiyo ni mimi." Akakata la mtu wa maboksi. Lilikuwa karoti kuanzia katikati hadi ukingoni. "Na huyu amepewa maisha yake yote."

Akaendelea, na yaliyofuata hata mimi sikuwa nayajua. "Miaka kumi na moja nilikuwa nachanganya unga huu kule kwenye jumba. Kijiko kwa ndoo. Nilikuwa nakanda unga wa chapati nyumbani unatoka mwekundu. Kwa hiyo nilijua tangu siku ya kwanza kwamba rangi inanunuliwa dukani. Nilijua, na bado nikasimama hapa na sahani nikawafundisha rangi, kwa sababu inaonekana upesi na ilikuwa upande wangu. Kosa hilo ni langu kabla halijawa la mtu mwingine. Sasa nawaambieni, acheni rangi. Tazameni ute wa huyu ulivyokimbia. Tazameni wa kwangu."

Mnafikiri walitazama? Thubutu! Walikuwa wananitazama mimi.

"Kwa hiyo mmetudanganya," mwokaji akasema.

"Nimewaambia."

"Baada ya kupigiwa makofi."

Nikashindwa kuvumilia. Nikamnyooshea kidole mtu wa maboksi. "Na huyu? Huyu anatia rangi kila siku ya Mungu!"

Yule bwana wala hakutikisika. "Rangi inaruhusiwa, dada. Wateja wanaipenda. Mimi sijawahi kusema siitii."

"Na hii picha ya nyasi kwenye boksi?"

"Hiyo ni picha tu," akasema.

Ni picha tu! Na watu wakatikisa vichwa, kwamba ndiyo, ana haki, picha ni picha. Nawaapia, walikubali. Shangazi yangu amesimama pale amejivua nguo mbele yao, amesema ukweli uliomchoma mwenyewe, na wao wanaona mkosaji ni yeye. Yule aliyefunga kuku watano kwenye gazeti na kuwachora kwenye nyasi, huyo ni mfanyabiashara. Mwalimu mstaafu akauliza, "Lakini sisi watu wa kawaida tutajuaje, mama, kama rangi nayo si ushahidi?"

"Njooni," Shangazi akasema. "Njooni uwanjani, siku yoyote, saa yoyote, bila kunipa taarifa. Ni nusu saa kwa miguu. Mtazame kuku wanapolala na wanapotembea. Mfungue kila mlango. Halafu muamue."

"Tutakuja," Mwalimu akasema.

"Nitakuja," mwokaji akasema. "Mpaka hapo nachukua ya boksi."

Tulirudi na trei zetu kichwani. Tulipofika kiwandani nikapiga magoti kwenye vumbi, nikamwambia Shangazi nisamehe. Nilitaka anipige, kweli. Akaniinua kwa kwapa. "Mimi niliacha kazi ili mikono yangu isiguse tena ule unga," akasema. "Ukaenda kuununua, ukauleta hapa." Halafu akachukua ndoo zote za chakula akazimwaga, akaanza kuzisugua. Hakulisema tena neno hilo hadi leo, na mimi ningependa aliseme kila siku.

Tukangoja. Jumapili Shangazi alifagia njia ya kuingilia uwanjani na akaomba viti vitatu kwa mlinzi. Hakuja mtu. Jumatatu hakuja mtu. Wiki ikaisha, mayai yanajaa chini ya vitanda vyetu, tunagawa kwa majirani na wengine wanayapokea kwa vidole viwili. Nilimkuta Mwalimu sokoni. "Ah, jua kali, binti yangu," akasema. Jua! Anazunguka soko zima kutafuta kitunguu cha bei nafuu, lakini kwenda kuona kama mtu mzima ni mwongo au si mwongo, jua kali. Dada wa duka la dawa alisema angekuja ila hana wa kumwachia mtoto. Mwokaji hakusema kitu. Nusu saa, jamani. Hakuna hata mmoja aliyepata nusu saa.

Wiki ya tatu pumba zilikwisha. Shangazi akamwita mchinjaji. Sikutaka kuwepo, lakini sikuwa na haki ya kutokuwepo. Mchinjaji alikuja na wasaidizi wawili na nyavu, akasema kuku waliozoea kukimbia nje ni kazi kubwa kuwakamata. Shangazi akasema nyavu hazihitajiki. Akasimama katikati ya uwanja, akawaita kwa ile sauti yake ya kila siku, na wakamjia, wote, wanakimbia, wanagongana, wanampanda miguuni. Akawaokota mmoja mmoja akawakabidhi. Hakumruka hata mmoja.

Siku kumi na mbili baadaye mvua ikanyesha. Ikanyesha kama inaomba radhi, asubuhi na jioni, na mbolea ya miaka yote ile ikafanya kazi yake. Uwanja ukageuka kijani hata macho yanauma. Vibanda vinne vimesimama wazi, magurudumu yamezama kwenye matope, nyasi zimefika hadi kwenye viota vya kuku ambao hawapo.

Alasiri moja tuko ndani ya chumba cha mlinzi wa kiwanda, Shangazi anashona mfuko, nikasikia hodi. Ni mwokaji. Suruali imelowa, ameshika trei tatu tupu. Nilisimama na naomba msiniulize nilichokuwa nimeshika mkononi. Shangazi akaniambia kaa chini, Kiberiti, mgeni huyo. Akampa kiti, akampa maji, akamuuliza habari za nyumbani na za watoto. Mwokaji akajibu zote kwa heshima.

"Mama, nimeona mvua imenyesha," akasema mwishowe. "Nikasema sasa majani yamerudi. Na yale ya boksi, kusema kweli, keki hazisimami. Nimekuja nione, kama ulivyosema, na nichukue oda."

"Karibu sana, mwanangu. Toka tu nje utazame."

Akatoka. Sisi tukamfuata. Akaingia katikati ya uwanja, nyasi zinamfika magotini, akachungulia kibanda cha kwanza, akaenda cha pili, akafungua mlango wa cha tatu. Akasimama na trei zake. Kisha akageuka kutazama njia aliyokuja nayo. Pale mahali ni wazi, hakuna kinachozuia. Bomba la moshi la tanuri lake linaonekana kabisa, linafuka.

"Kumbe ni karibu hivi," akasema.

"Ndiyo, mwanangu," Shangazi akamjibu. "Ni karibu."